MANOA NAYE ALITAKA KUFUNDISHWA

Somo la juma: Kusimama na baba anayengojea mtoto
Andiko kuu: Waamuzi 13:1-24. Soma pia Mathayo 1:18-25 na Mathayo 26:36-46.



Katika kanisa letu dada akishika mimba kila mtu anajua la kufanya. Kina mama wanamzunguka. Wanamwombea, wanamwuliza kama anakula, wanampelekea ndizi na maziwa, na mimba ikifika mwezi wa nane wanamwandalia bebi shawa, nguo za mtoto zikijaa meza mpaka zinaanguka. Hilo ni jambo jema na tuendelee nalo. Lakini siku hiyo angalia mzee wake ako wapi. Ako nje anapanga viti. Ama ametumwa soda. Wanaomsalimu wanamwuliza swali moja tu: "Mama anaendeleaje?" Anajibu, "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu," na mazungumzo yanaisha hapo. Miezi tisa ndugu huyu anabeba mambo moyoni, na hakuna mtu amemwuliza ni mambo gani.

Juma hili tunamtazama huyo wa kupanga viti.

MALAIKA ALIKUJA MANOA AKIWA HAYUKO

Waamuzi 13 tumezoea kuisoma haraka ili tufike kwa Samsoni, nywele zake na Delila. Leo tusimame kwa baba yake. Manoa alikuwa mtu wa Sora, wa kabila la Dani, na bibi yake alikuwa tasa. Malaika wa Bwana akaja na habari ya mtoto. Akamjia nani? Mama. Manoa hakuwepo. Habari kubwa kuliko zote za nyumba yake aliipata kwa kuambiwa.

Baba wengi huanza hivyo hivyo. Mama ndiye hujua kwanza, kwa sababu mwili ni wake. Baba anaonyeshwa kile kipimo chenye mistari miwili, na anaamini, lakini ndani yake bado hakuna kitu kimebadilika. Wiki za kwanza mama anatapika, hataki harufu ya vitunguu, na tumbo ni lile lile. Wanaume wengine huja kuona ni kweli siku ya skani, ama siku mtoto anapiga teke. Mama wa mimba ya kwanza mara nyingi huanza kusikia mtoto akicheza karibu wiki ya 18 hadi 20, na mkono wa baba ulio juu ya tumbo husubiri zaidi ya hapo. Kwa hiyo baba anaweza kukaa miezi minne ama mitano akiwa nyuma ya mama kwa hisia, na si kwamba hampendi mtoto. Ni kama alipanda matatu ya pili. Tusimhukumu kabla hajafika.

Sasa ona Manoa alifanya nini. Hakusema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Mstari wa 8 unatuambia alimwomba Bwana yule mtu wa Mungu arudi tena, awafundishe watamfanyia nini mtoto atakayezaliwa. Tafadhali usome huo mstari mara mbili. Mtu mzima, kichwa cha nyumba yake, anakiri mbele za Mungu kwamba hajui kulea. Na Mungu hakumkemea. Alimsikia, akajibu ombi lake.

Malaika akarudi, na tena akamkuta mama peke yake shambani. Mimi hupenda sana vile huyu mama alifanya. Angeweza kusema, "Nitamweleza jioni." Badala yake alikimbia kumwita mzee wake. Dada zangu, tuige huyu mama. Mtoto akicheza tumboni usiku, mwamshe baba aweke mkono. Nesi akikuambia jambo, usimwambie baba nusu. Kuna wanaume wamekaa nje ya mimba kwa sababu hawakuwahi kuitwa ndani.

Halafu mistari ya 13 na 14 ina jambo la ajabu. Malaika hakumpa Manoa neno jipya. Alirudia yale yale mama alikuwa ameshaambiwa, habari ya divai na vyakula vichafu. Basi kwa nini Mungu amtume mara ya pili? Kwa sababu kuambiwa na kusikia mwenyewe ni vitu viwili. Ndiyo maana tunawahimiza kina baba waende kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Si lazima baba awe kwa zote nane, kazi ni kazi. Lakini akienda mara mbili ama tatu, asikie ule moyo mdogo ukipiga haraka haraka kwa kile chombo, atarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Najua ile benchi ya kliniki inatisha. Imejaa kina mama, na wewe peke yako na kofia yako mkononi. Kaa tu. Hakuna aliyekufa kwa kukaa hapo.

Na mstari wa 15 hunichekesha kila nikiusoma. Manoa akishamaliza kusikia, anataka kuchinja mbuzi! Huyo ni mwanaume kabisa. Hajui aseme nini, basi anatafuta kitu cha kufanya. Hiyo si mbaya. Ukitaka kumsaidia baba anayengojea, usimpe maneno peke yake, mpe kazi: atafute mtu wa gari ama boda atakayeitika simu saa nane usiku, ajue hospitali ni gani, aulize kundi lake la damu na la mama, ahakikishe mambo ya SHA yako sawa mapema. Hii SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024 imewachanganya wengi, hasa sisi wa jua kali tusio na payslipi, na usiku wa leba si wakati wa kuanza kujisajili. Mikono ikiwa na kazi, moyo nao hupata pa kushika.

HOFU YA MANOA, NA NYINGINE TUNAZOZIJUA

Mstari wa 22, Manoa anaogopa. Anamwambia bibi yake kwamba hakika watakufa, kwa kuwa wamemwona Mungu. Mtu aliyepokea ahadi saa hiyo hiyo anaona kifo!

Kina baba wetu pia huogopa, ila hawasemi. Hofu ya kwanza ambayo kila mtu anaitambua ni pesa. Nyumba ya chumba kimoja, kodi, maziwa, nepi, na kazi yenyewe ni ya kibarua. Hiyo ni rahisi kuitaja, na mara nyingi wanaume hutaja pesa ili wasitaje ile nyingine iliyo chini yake.

Nitawaeleza habari ya ndugu mmoja, sitasema ni wa kanisa gani. Ni mtu wa boda. Bibi yake alipofika mwezi wa saba, alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Wateja wameisha, wenzake wameenda, yeye amekaa kwa steji juu ya pikipiki mpaka saa tano usiku. Watu wakaanza kusema ako na mwanamke mwingine. Bibi yake akalia, akawapelekea kina mama maombi ya kufunga ili roho ya uzinzi ivunjwe. Mzee mmoja wa kanisa hakuanza na kukemea. Alimwendea pale steji, akanunua chai ya kikombe mbili, akamwuliza, "Wewe mwenyewe, unaendeleaje?" Yule ndugu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema mama yake mzazi alifariki akimzaa dada yake mdogo, na yeye alikuwa na miaka tisa. Tumbo la bibi yake lilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo alivyoshindwa kulitazama. Alikuwa anangoja bibi alale ndipo aingie.

Hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na mama yake, na jeraha la miaka mingi ambalo hakuna mtu alikuwa amelifunga.

Wapendwa, wako wengi namna hiyo. Kuna aliyepoteza mtoto mimba iliyopita. Mama alifarijiwa, akaletewa uji, na huo ulikuwa utu. Lakini baba alirudi kazini siku ya tatu, na mimba hii mpya anaiangalia kwa jicho la pembeni, anaogopa kuipenda. Kuna aliyelelewa bila baba, na sasa anajiuliza atatoa wapi kitu ambacho yeye hakupewa. Kuna anayeona amepoteza rafiki yake: mama amechoka, analala mapema, hataki kuguswa, na kitanda kimekuwa baridi. Wazee waliooa, wafundisheni vijana jambo hili bila aibu. Mimba ikiwa salama, na nesi ama daktari hajakataza, tendo la ndoa halimwumizi mtoto. Lakini pia mama akikataa kwa sababu ya uchovu, hajakukataa wewe.

Rudi kwa mstari wa 23. Ni nani alimtuliza Manoa? Bibi yake. Na hakumtuliza kwa kelele. Alimpa hoja: kama Bwana angetaka kutuua, asingepokea sadaka yetu wala asingetuonyesha haya yote. Hofu ya Manoa haikukemewa kama pepo, ilijibiwa kwa ukweli. Nasema hivi nikiamini kabisa katika kufunguliwa kwa jina la Yesu. Kuna hofu ni za kukemea. Lakini kuna hofu zinataka mtu wa kukaa nazo akizisikiliza, akazijibu pole pole. Tumewafundisha wanaume wetu wasikiri kushindwa, tukasahau Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu kwa uwazi.

NA MWILI WAKE PIA

Baadhi ya wanaume huumwa mimba ikiwa ya bibi. Kichefuchefu asubuhi, kuumwa na jino ama mgongo, kuongeza kilo, kukosa usingizi. Watu humcheka, na yeye pia hujicheka, na hiyo ni sawa. Ajue tu kwamba haigizi na hajalogwa. Jambo hili linajulikana sehemu nyingi za dunia, na watafiti wameona hata homoni za mwanaume hubadilika anapongojea mtoto na baada ya mtoto kufika. Tunaweza kusema Mungu anamwandaa.

Lingine si la kucheka. Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha kazi iliyokusanya tafiti za nchi nyingi. Ilionekana kama baba 1 kati ya 10 hupatwa na ugonjwa wa huzuni nzito, wakati wa mimba ama mwaka wa kwanza wa mtoto, na zaidi mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6. Piga hesabu ya benchi zetu. Kwa mwanaume huzuni hii haiji na machozi siku zote. Inaweza kuja kama hasira ndogo ndogo, pombe aliyokuwa ameacha, kufanya kazi mpaka usiku bila sababu, kuacha kuimba kwa sifa. Ukimwona ndugu halali wiki mbili, hali, ama anasema afadhali asingekuwepo, mwombee na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo hakuona haya kutembea naye.

KESHENI PAMOJA NAYE

Mathayo 26:37-38. Usiku ule wa Gethsemane, Bwana wetu aliwachukua wanaume watatu, akawafungulia moyo. Aliwaambia roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Hakuwaomba mahubiri. Aliwaomba wakae hapo, wakeshe pamoja naye. Nao wakalala.

Ushirika wa wanaume, hebu tujiangalie. Tunakutana Jumamosi, tunapanga mambo ya ujenzi, tunachanga, tunafunga kwa maombi. Ni lini mara ya mwisho tulimwuliza ndugu mwenye mimba nyumbani analala vipi? Kama Mwana wa Mungu alihitaji wenzake usiku wa taabu, fundi wa mabomba wa mtaa wetu atawezaje peke yake?

Kumsaidia si kazi ya elimu kubwa. Mzee aliyelea watoto wanne anaweza kumwita kijana kwa chai na kumwambia ukweli, hata sehemu zile ngumu: vile usiku wa kwanza na mtoto ni mrefu, vile upendo kwa mtoto wakati mwingine hauji siku ya kwanza bali unakua. Mweleze pia kwamba kuanzia karibu mwezi wa sita mtoto tumboni husikia sauti. Basi aongee naye, amwombee kwa sauti, amsomee Zaburi. Isaka alimwombea bibi yake hata kabla ya mimba (Mwanzo 25:21). Na kama ameajiriwa, amkumbushe kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili. Wengi hawaombi kwa sababu wanaona aibu mbele ya bosi. Wiki mbili hizo si za kukaa kwa kinyozi.

Kuna sababu nyingine ya kuwa karibu naye, na hii ni ya uzima. Mama akitokwa na damu, akiumwa na kichwa sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, akipata homa kali ama kifafa, maji yakivunjika mapema ama mtoto akiacha kucheza, hakuna kungoja asubuhi wala kungoja pasta afike. Ni hospitali, na maombi yaendelee kwa gari. Kina mama wengi hupotea kwa sababu uamuzi wa kutoka nyumbani ulichelewa. Baba aliyejitenga na mimba hatajua dalili hizi, ama simu yake itakuwa imezimwa. Baba aliyeshikwa mkono na ndugu zake atakuwa karibu.

MAMBO MAWILI TUSICHANGANYE

Kumhurumia baba si kumpa ruhusa. Msongo wa mawazo haumpi mwanaume haki ya kumpiga mjamzito, kumtukana ama kumnyima chakula. Ukiona hivyo, mama kwanza. Mtoe mahali pa hatari, ripoti kwa kituo cha polisi penye dawati la jinsia, na mazungumzo ya baba yafuate baadaye. Pia tusimgeuze mama kuwa mshauri wa mzee wake. Bibi ya Manoa alimtia moyo mzee wake mara moja, hakupewa mzigo wa kumbeba kila siku. Ndiyo sababu tunasema wanaume wabebane.

La pili ni vijana wetu ambao mimba imekuja kabla ya harusi. Kanisa lina nidhamu yake na sitaipinga. Lakini nimeona vile inavyofanyika: msichana anawekwa benchi ya nyuma na kina mama bado wanamtembelea, kijana anaondoka na hakuna anayemfuata. Mwaka mmoja baadaye tunauliza kwa nini mtoto hana baba. Yusufu alikuta mimba ambayo hakuielewa. Alikuwa na uchungu, alikuwa amepanga kuondoka kimya kimya, na Mungu alimfuata mpaka ndani ya usingizi wake akamwambia asiogope kumchukua Mariamu. Neno la kwanza lilikuwa juu ya hofu yake, ndipo majukumu yakafuata. Kijana huyo aliyeacha kuja kanisani ana simu. Mpigieni.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Someni Waamuzi 13 yote kwa sauti, mwanaume mmoja asome maneno ya Manoa na mwanamke asome ya bibi yake. Kisha mzungumze:

Baba walioko hapa, mimba ya mtoto wenu wa kwanza mliogopa nini zaidi, na mlimwambia nani?

Dada, ni wapi mzee wako aliachwa nje bila mtu kukusudia?

Katika kikundi chetu ni nani anangoja mtoto sasa? Kabla ya kufunga maombi, wanaume wawili wajitolee kumtembelea baba huyo juma hili, na waseme siku na saa. Wasiende na hotuba. Waende na mkate na majani chai, na wamwulize yeye anaendeleaje, kisha wangoje ajibu.

Maombi ya juma: tuwaombee kina mama walio karibu kujifungua, kina baba waliopoteza mtoto na hawajawahi kulia, manesi na wakunga wa hospitali zetu, na vijana wa kiume waliolelewa bila baba, Baba wa mbinguni awafundishe kama alivyomfundisha Manoa.